Divisheni Wani ya Barafuni

Optatus akipewa kazi ndogo, huifanya kubwa. Wazazi wote wa klabu ya hoki ya barafuni pale Farsta, Sweden, walilijua hilo, maana katika klabu ile kila mzazi ana zamu yake, atake asitake, na zamu za Optatus zilikuwa na historia. Aliposhika saa ya mchezo, alisimamisha mechi mara tatu akidai sekunde mbili zilizopotea zirudishwe. Zikarudishwa, na timu pinzani ikafunga bao ndani ya sekunde hizohizo. Alipowekwa mlangoni kwenye kibanda cha adhabu, wanamokalishwa dakika mbili wachezaji watukutu, alimzuia binti yake mwenyewe asitoke kwa sababu ilikuwa imebaki sekunde moja. "Moja ni moja," alisema, na mtoto akakaa.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kocha Anton alipompigia simu Ijumaa jioni. Anton alikuwa Mswidi kijana mwenye ndevu nyekundu, ambaye hajawahi kumfokea mtoto wala refa. Alieleza kwamba mzee mmoja mstaafu aliyezoea kuja kuwatathmini wachezaji amekamatwa na mgongo, hawezi hata kuvaa soksi. Na kesho ndiyo mechi ya mwisho kabla ya klabu kupeleka majina manne kwenye kambi ya mkoa ya wasichana wa chini ya miaka kumi na tano.

"Mimi nikiwa kwenye benchi naona migongo tu," alisema Anton. "Tunahitaji mtu wa kukaa juu, atazame, aandike. Nimewaahidi wazazi kwamba namba zitakazotoka sitazigusa."

"Lakini binti yangu yumo," alisema Optatus.

"Tunajua. Wazazi wote wamesema, akiwa Optatus, hatuna wasiwasi."

Maneno hayo yalimpanda kichwani. Alikata simu akatembea sebuleni mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule aliyefika bila taarifa.

Kusema kweli, kazi ilimfaa. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akikagua malori kiwandani Södertälje, akipanda treni mbili kwenda na mbili kurudi, na hakuna lori lililowahi kumpita likiwa na nati iliyolegea. Hoki alikuwa ameitazama miaka sita, tangu binti yake Domina alipotoka shuleni siku moja na kusema hataki tena kupiga filimbi. Na zaidi ya yote, Optatus alikuwa mtu wa mitihani. Katika kidato cha nne, kwenye seminari ya kwao Kagera, alipata Divisheni Wani ya pointi saba, na pointi saba ndiyo mwisho wa reli, hakuna zaidi ya hapo. Habari hiyo ilikuwa imeshasimuliwa kwenye ubatizo, kwenye msiba, na mara moja kwa daktari wa meno.

Sehemu ambayo hakuisimulia ni ile ya kurudi nyumbani na karatasi ya matokeo. Baba yake aliisoma yote, akaikunja, akasema, "Haya, kanawe mikono, tule." Basi. Kwao mtoto wako humsifii. Wakimsifu wengine, unatazama pembeni na kusema bado anajifunza. Optatus aliukuta utaratibu huo, akaubeba mpaka Farsta bila kuufungua kuona ndani kuna nini.

Asubuhi ya Jumamosi Domina alikoroga uji wake bila kuula. Kwenye friji tarehe ya kambi ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu tangu mwezi wa nane, na mtoto alikuwa na miaka kumi na minne, umri ambao kitu ukikitaka unakitaka hadi tumbo linauma. Concessa, mkewe Optatus, alikuwa akifunga viatu aende zamu yake hospitalini. Alimvuta mumewe mpaka koridoni.

"Baba Domina, nakujua. Usije ukamkandamiza mtoto ili watu wakusifu wewe."

"Nitaandika ninachoona," alisema Optatus.

"Haya. Andika unachoona." Akamtazama kidogo zaidi ya kawaida, akaenda zake.

Uwanjani kulikuwa na baridi ileile ya siku zote, ya kuingia kwenye magoti na kukaa humo. Optatus alipanda mpaka safu ya juu kabisa akiwa na sweta mbili, chupa ya chai ya tangawizi, na ubao wa kushikia karatasi aliokabidhiwa na Anton pamoja na penseli yenye kifutio.

"Vipengele vinne kwa kila mchezaji," Anton alikuwa amesema. "Kuteleza, kutoa pasi, kuusoma mchezo, na kujituma. Moja mpaka tano. Maelezo yako nyuma ya karatasi, ila yanajulikana."

Yanajulikana, ndiyo. Optatus hakuwa na haja ya kugeuza karatasi, na glavu zenyewe zilikuwa nene. Ngazi tano: wani, tuu, thrii, foo, na ziro, ambayo hapa iliandikwa tano. Alifurahi kuona kwamba Waswidi nao, katika jambo la maana kama hili, wamefuata utaratibu unaoeleweka.

Wageni walikuwa wametoka Södertälje, wasichana warefu wenye fulana za njano. Refa alidondosha kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira, fimbo zikagongana, na Optatus akaanza kazi.

Namba nne alikuwa anateleza kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Kuteleza, foo. Kujituma, ziro, maana mara mbili alisimama kurekebisha nywele. Namba kumi na saba alikuwa na nguvu, lakini pasi zake zilikwenda kwa yeyote aliyezitaka, wakiwemo wapinzani. Foo. Namba ishirini na mbili aligongana na mwenzake wa timu moja, wakaanguka wote, kisha akamwomba msamaha refa. Optatus alimwonea huruma, lakini huruma haikuwa na kisanduku kwenye karatasi. Ziro.

Namba tisa, mbele, alikuwa mwepesi kweli. Tuu. Na golini alikuwa Zara, binti wa Nyokabi, yule mama wa Kikuyu aliyekuwa kwenye zamu ya kioski cha soseji na kahawa. Zara alikuwa mdogo wa mwili, na ndani ya vile vifaa vya kipa alionekana kama kabati lenye macho. Lakini kisahani hakikupita. Alikizuia kwa mguu, kwa fimbo, kwa kifua, na mara moja kwa kofia, akatikisa kichwa, akaendelea. Optatus alimwandikia moja, moja, moja, moja, akazitazama namba zile kwa kuridhika. Ilikuwa karatasi nzuri kama yake ya kidato cha nne.

Domina alikuwa beki, namba kumi na moja. Optatus alimwacha wa mwisho. Alijiambia anafanya hivyo kwa ajili ya haki, lakini ukweli ni kwamba aliogopa.

Katika kipindi cha tatu, mabao yakiwa mawili kwa mawili, msichana mmoja wa njano alipenya katikati akabaki na Zara peke yake. Akainua fimbo. Domina alikuwa mbali, upande wa pili, na Optatus alishaanza kusikitika pale alipoona kwamba mtoto hamfuati mwenye kisahani kabisa. Alikuwa anakwenda mahali kisahani kitakapopita. Alijilaza kwenye barafu, shuti likampiga kwenye ugoko kwa mlio ambao ulimfanya baba yake anyanyuke na kumwaga chai. Kabla hajasimama vizuri, akiwa bado kwenye goti moja, Domina alikisukuma kisahani mbele bila hata kutazama, moja kwa moja kwenye fimbo ya namba tisa. Namba tisa akakimbia peke yake, akafunga.

Uwanja mzima ulimshangilia namba tisa. Domina alirudi kwenye nafasi yake akichechemea, na hakuna aliyemtazama ila mtu mmoja kwenye safu ya juu.

Optatus aliona kila kitu. Aliona kwamba mechi nzima ilikuwa hivyo, kwamba mara kumi Zara alipumzika kwa sababu Domina alishafika kabla ya hatari. Yeye ndiye aliyekuwa bora uwanjani. Alivua glavu, akaandika haraka: moja, moja, moja, moja.

Halafu akainua macho. Chini yake wazazi walikuwa wamekaa wakinywa kahawa. Mmoja aligeuka, akampungia mkono kirafiki. Akiwa Optatus, hatuna wasiwasi. Alizitazama zile moja nne za binti yake, akasikia tayari watakavyosema: kumbe naye ni wale wale. Aligeuza penseli akafuta. Alifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikapata vinyweleo. Akaandika foo, foo, foo, foo, akafunga ubao, na hakunywa chai iliyobaki.

Baada ya mechi watu walikusanyika kwenye kioski. Anton alijumlisha namba kwenye simu yake, akajumlisha tena, akakuna ndevu. Kisha akasoma majina manne: namba nne, namba kumi na saba, namba ishirini na mbili, na Domina.

Waswidi walitazama vikombe vyao. Mama wa namba tisa alisema kahawa ni nzuri leo. Zara alikuwa amekaa juu ya begi lake, kofia ya kipa mapajani, na machozi yanamshuka bila sauti. Namba ishirini na mbili aliuliza kama kuna namba ishirini na mbili mwingine.

Optatus alisimama kama aliyepigwa na mlango. Hesabu imekosewaje? Kabla hajafungua mdomo, Domina alimrukia shingoni na vifaa vyake vyote, jasho, fimbo na kila kitu.

"Fyra, pappa! Anton ameniambia. Umenipa nne kila mahali!" Alikuwa anaongea Kiswidi, kama kawaida yake kwa baba. "Nne kati ya tano! Hujawahi kuniambia hata siku moja kwamba najua kucheza. Nilidhani unakuja kwa sababu ya zamu."

Akambusu shavuni, akakimbilia chumba cha kubadilishia nguo. Optatus alibaki na alama ya maji ya barafu kwenye sweta, asijue la kufanya na mikono yake.

"Baba Domina." Sauti ilitoka ndani ya kioski. Nyokabi alikuwa ameshika koleo la soseji, na mbele yake, pale Anton alipouweka ili anywe kahawa, kulikuwa na ule ubao. "Kuja hapa kidogo. Hawa wazungu hawawezi kukuambia, wacha mimi nikuambie. Zara wangu amefanya nini mbaya?"

"Mama Zara, hata mimi sielewi. Mtoto wako nimempa moja kila mahali!"

"Si ndio hiyo! Moja! Ati moja! Mtoto ameshika kila kitu, mpaka na kichwa, unampatia moja?" Aligonga ubao kwa koleo. "Na wako nne. Na ona hapa. Hapa pamefutwa. Ulikuwa umemwandikia moja, ukaona haya, ukambadilishia. Mimi nilikuwa naambia watu huyu Mtanzania ni mwaminifu!"

"Nimembadilishia kweli, lakini nimemshusha!" Optatus alisema, na sauti ikampanda. "Moja ndiyo ya juu! Zara amepata Divisheni Wani! Ya pointi... ya pointi ndogo kabisa!"

Nyokabi alimtazama Optatus, akatazama karatasi, akaigeuza. Nyuma, kwa maandishi makubwa tu, iliandikwa: tano, bora sana, moja, bado kabisa. Alimgeuzia asome mwenyewe.

Optatus alisoma. Alisoma tena. Ndipo Nyokabi alipoanza kucheka. Alicheka mpaka koleo likamponyoka, akashika meza, akainama, akapotea nyuma yake, na kwa muda ikabaki sauti tu. "Divisheni Wani!" ilisema ile sauti. "Ngai! Huyu mtu amewapanga watoto wa Sweden kwa divisheni!"

Alipoibuka akifuta macho hakuwa anacheka tena. Alimtazama Zara kwenye begi lake, kisha akamtazama Optatus. "Sasa?" aliuliza.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Waliojua walikuwa wawili tu, maana wengine hawakuelewa Kiswahili. Optatus akinyamaza, Domina anakwenda kambini, na furaha ile aliyokuja nayo shingoni mwake inabaki. Akisema, mtoto atasikia kwamba nne ya baba yake haikuwa sifa. Alitamani kunyamaza, na alitamani hasa. Nyokabi hakumsukuma. Aliokota koleo, akaanza kulifuta na kitambaa, polepole mno kwa koleo moja.

Zara akapenga kamasi. Optatus akamfuata Anton, akasema kila kitu kwa Kiswidi, kwa sauti ya kusikika: kuhusu wani, tuu, thrii, foo na ziro, kuhusu karatasi ambayo hakuigeuza. Baba wa namba nne akasema kwa upole, "Mimi nilishangaa sana, lakini sikutaka kuharibu." Ikaonekana wote walikuwa wameshangaa, na wote hawakutaka kuharibu. Kicheko kikaanza pembeni, kikazunguka, na namba ishirini na mbili ndiye aliyecheka kuliko wote, kwa jinsi alivyopumua.

Anton aligeuza namba: tano ikawa moja, nne ikawa mbili. Akasoma upya. Zara wa kwanza, namba tisa wa pili, kisha namba kumi na tatu na namba kumi na tano. Zara aliangusha kofia.

Domina alikuwa amesimama mlangoni, nywele mbichi, na alikuwa amesikia yote.

"Kwa hiyo nne yako," alisema, "ni mbovu."

"Ndiyo."

"Nilicheza vibaya hivyo?"

Watu walirudi kutazama vikombe vyao. Optatus alichukua karatasi ubaoni, akampa. "Iinamishe kwenye taa," alisema. "Tazama chini ya nne."

Domina aliiinamisha. Chini ya kila nne, palipochubuka, kulikuwa na mkwaruzo mmoja wima, umesimama wazi.

"Hiyo ndiyo niliyoona," alisema Optatus. Alianza kwa Kiswidi, akaona hakitoshi, akahamia Kiswahili. "Mwanangu, leo uwanjani hapakuwa na mwingine. Ulijilaza mbele ya lile shuti, na pasi ukaitoa bila kutazama. Watu wamemshangilia namba tisa, na mimi nilitaka kusimama nipige kelele kwamba ni wewe. Niliandika moja. Halafu nikaogopa watu watasema napendelea, nikafuta. Nimekuonea. Nimekuuza kwa jina langu."

Kisha akafanya jambo ambalo klabu haikuwahi kuliona. Optatus wa sekunde moja alimgeukia Anton, mbele ya wazazi wote, akamsihi kwa Kiswidi. "Niliona tano. Tafadhali, mwandikie tano. Waache waseme wanavyotaka. Wakisema napendelea, sawa, napendelea!"

Anton alikuna ndevu, akatazama wazazi. Kioskini Nyokabi aliwatafsiria wasiojua Kiswahili yale aliyoambiwa Domina, akiongeza kidogo. Wengine walishaanza kuitikia kwa vichwa.

"Nej," alikataa Domina. Kidevu kilikuwa juu. "Nej, pappa. Ukibadilisha tena, kambini kila mtu atajua baba yangu alibadilisha. Mwezi wa tatu kuna kambi nyingine. Nitakwenda hiyo, na ataandika mwingine."

Optatus alitaka kubishana, akaona kile kidevu kinatoka upande gani wa ukoo, akaacha.

"Ila hii karatasi naichukua," alisema Domina, akaikunja mara nne akaitia mfukoni.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Sheria ya Optatus ilikuwa kwamba mchezaji hubeba begi lake mwenyewe, na begi la hoki ni kubwa, ungeweza kumweka ng'ombe mdogo. Siku ile alilibeba yeye bila kuulizwa. Karibu na kituo cha treni Domina alianza kulia, kwa ajili ya kambi, na hakujificha. Baba yake aliweka begi chini kwenye theluji, akamshika, naye akalia, watu wakipita na mifuko yao ya dukani.

Jioni Concessa alirudi kutoka zamu akakuta karatasi imebandikwa kwenye friji, juu kabisa ya ile tarehe nyekundu. Aliisoma yote, akasikiliza habari yote, akamwambia mumewe neno moja tu, kwa Kihaya, na Optatus hakulipinga. Chini ya karatasi, pale palipobaki mstari mmoja mtupu, mtu alikuwa ameongeza mchezaji mpya kwa penseli. Jina: Pappa. Kuusoma mchezo, tano. Kujituma, tano. Na kisanduku cha kuteleza kilikuwa kimekatwa, juu yake pameandikwa: kusema. Hapo alikuwa amepewa moja, ya Kiswidi.

Jumamosi iliyofuata Optatus hakukaa safu ya juu. Alishuka mpaka kwenye kioo, na Domina alipozuia shuti la kwanza, baba yake alipiga kelele kwa Kiswahili, kwa sauti iliyomfanya refa ageuke na Nyokabi amwage kahawa: "Domina! Huyo ni mwanangu! Umecheza vizuri!" Mtoto alifunika uso kwa glavu kwa aibu.

Usiku, alipokwenda kuchukua maziwa, Optatus alisimama mbele ya friji. Ile moja yake ilikuwa imefutwa vizuri. Mahali pake palikuwa na mbili.